Mama Kutu na Bomba la Mafuta

Jina la Mama Kutu alibandikwa na wenzake ofisini, naye hakulikataa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichora mitambo ya kulinda mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini, na miaka yote hiyo aliichukia kutu kama mtu anavyomchukia mwizi aliyemzoea. Wasioijua kazi yake aliwaeleza kwa mkato: chuma kikilala udongoni kinaliwa, basi unazika vyuma chakavu pembeni, unapitisha umeme kidogo, udongo unakula chakavu na kuliacha bomba. Waya wa hasi unakwenda kwenye bomba, wa chanya kwenye chakavu. "Ukizigeuza," angesema huku amekutolea macho, "umeliweka bomba mezani liliwe."

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya kabati la umeme la bomba la mafuta ya taa, nyuma ya nyumba za matofali, na nyaya zilikuwa zimegeuzwa.

Aliitwa kwa sababu vibarua waliokuwa wakichimba mtaro walifukua kipande cha bomba wakakuta limejaa vishimo, vingine vya kutosha ncha ya kidole. Bomba lenyewe halikuwa limetimiza hata miaka miwili. Lilipita chini ya nyua za watu, na ua wa tatu kutoka hapo ulikuwa wa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Nani kafunga hizi waya?"

"Mimi, mama," fundi wa umeme alijibu. "Nyekundu nikaipeleka kwenye kitu cha maana, nyeusi kwenye takataka."

"Kitu cha maana! Na mchoro niliokupa, ulifungia sabuni?"

"Mchoro niliuona, mama. Nikajua umekosea, nikakusitiri."

Nikakusitiri! Damu ilimpanda Mama Kutu hadi masikioni. Mtu anageuza kazi yake chini juu, halafu anangoja ashukuriwe. Alizima swichi kwa kofi, akampigia simu mkuu wa pampu.

"Funga pampu sasa hivi."

"Niandikie barua kwanza, dada, utaratibu ndio huo."

"Barua utasomewa kizimbani. Funga!"

Pampu ikafungwa. Lakini hasira yake ilikuwa bado inatafuta mtu, maana nyaya zilizogeuzwa haziwezi kujificha. Kila mwezi msoma mita huweka kichupa chake cha kupimia, chenye maji ya shaba, ardhini juu ya bomba, hupima, huandika namba daftarini. Bomba lililolindwa husoma milivolti mia nane na hamsini au zaidi, chini ya sifuri. Hili, kwa nyaya zile, lazima lilisoma juu ya sifuri, chanya tupu, na kipimo cha mwezi mmoja tu kingetosha kumwamsha kila mtu. Akamgeukia msoma mita aliyesimama kando na daftari lake, mtu mzima mwenye wajukuu, akamwagia yote mbele ya vibarua: mzembe, mla mshahara wa bure, muuaji. Mzee alimwacha amalize. Kisha akafungua daftari.

"Mia tisa. Mia tisa na kumi. Mia tisa na tano. Miezi kumi na minne hii, mama. Na kila ukurasa umeandika 'safi' kwa mkono wako."

"Mia tisa gani? Alama iko wapi? Alama ya kutoa iko wapi?"

"Si ulitukataza?" Hakusema kwa kiburi. "Siku ya mafunzo ulisema tusikujazie vistari, kazi hii kila namba ni hasi, hata mjinga anajua. Andikeni namba tupu, ulisema. Mita ikaonyesha mia tisa, nami nikaandika mia tisa."

Mkuki kwa nguruwe. Ilikuwa kweli, tena kweli tupu. Watu wa kazi yao karibu wote hufanya hivyo. Kile kistari huachwa kwa sababu siku zote kipo. Na yeye hakuishia kukiacha, alikipiga marufuku kwa sauti ya juu, na darasa zima likacheka. Sasa alitaka kumrudia fundi, maana fundi kosa lake lilikuwa palepale, alitaka kumrudia hata mkuu wa pampu na barua zake. Badala yake aliutazama mwandiko wake daftarini. Alijichukia kwa chuki ileile aliyokuwa akiwagawia wengine tangu asubuhi.

Alikwenda kwa dada yake karibu anakimbia. Dada alikuwa uani, anaanua nguo, na jiko la mkaa linawaka kando ya ukuta. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa wazi kabisa, inapanda kutoka kisima cha pale uani.

"Dada, zima jiko. Watoe watoto nje. Bomba linavuja."

"Linavujaje, na wewe ndiye umelichora?" Dada alikuwa anakunja shuka, hakuwa na haraka.

"Husikii harufu?"

"Naisikia, hii wiki ya tatu. Majirani walitaka kwenda kulalamika, mimi ndiye niliyewatuliza. Nikawaambia bomba hilo kalilinda mdogo wangu kwa mikono yake, na mdogo wangu hakosei."

Mama Kutu alichota mchanga kwa mikono yote miwili, akaumwaga juu ya mkaa, akachota tena. Kisha akavuka ua, akaanza kuugonga mlango wa jirani kwa ngumi.

"Tokeni nje wote, msiwashe kitu," alisema mlango ulipofunguliwa. "Bomba linavuja. Dada yangu kawaambia sikosei. Nimekosea."