Matone ya ganzi karibu yaninyime jicho la kushoto, Kisumu miaka ya tisini

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na siongezi chumvi.

Jana mpwa wangu alinipigia simu. Amefanyiwa laser ya macho Nairobi, analia uchungu, anataka kujua kama anaweza kuomba yale matone ya ganzi aende nayo nyumbani. Nilimkatalia kabla hajamaliza. Sasa nawaambia kwa nini.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa nimemaliza Form Four, nikazurura Awasi, nikazurura Kericho, mpaka miguu ikanileta Kisumu. Nilikaa Manyatta, nikafanya welding kwa fundi mmoja, Odhiambo.

Kisumu hiyo ilikuwa tamu, wakuu. Asubuhi unanusa samaki wa kukaanga na chuma moto kwa pamoja.

Goggles ilikuwa moja, imechubuka hata huoni unachokata. Kwa hivyo tulikata bila.

Siku moja grinder, ile mashine ya kukatia chuma, ikanirushia chembe. Ikakwama kwenye kioo cha jicho, hapa mbele ya mboni.

Pale kwetu daktari alikuwa Odhiambo. Anakukalisha juu ya debe, anakunja kona ya karatasi ya sigara, anachokoa.

"Usipepese, omera, ndugu yangu. Ukipepesa nitatoa jicho, chuma kibaki."

Watu wakacheka. Chembe ikatoka, na kipande cha ngozi ya jicho kikatoka nayo.

Baada ya saa moja sikuweza kufungua jicho. Odhiambo akatoa mfukoni kichupa cha matone ya ganzi. Alikipata kwa jamaa aliyekuwa akifagia kliniki fulani, na karakana nzima ilikuwa inakitumia.

Tone moja tu, uchungu ukaisha. Nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Basi ikawa kila saa tone. Siku ya pili, ya tatu, ya tano. Nguvu yake ikawa inaisha haraka, nami naongeza. Nilidhani napona kwa sababu sikusikia uchungu.

Siku ya nane nilifunika jicho la kulia, lile zima, nikajaribu kusoma bango la duka. Ukungu mtupu. Nilipojitazama kwa kioo, jicho lilikuwa na duara jeupe.

Nikakimbia kliniki ya macho. Sista mmoja, mama wa makamo, akaniwekea rangi jichoni, akamulika na taa ya bluu.

"Unaweka nini humu?"

"Maji tu, sista."

"Maji gani hayo? Mtu mwenye kidonda hiki huingia hapa akilia. Wewe umeingia ukinisalimia. Toa hiyo kitu."

Nikatoa. Akamwaga yote kwenye sinki.

"Hii tunaweka sisi, hapa, tukipima. Ukiishi nayo, ngozi ya jicho haioti. Kidonda chako kimekua kuliko cha kwanza. Chagua: uchungu siku kadhaa, ama jicho liende."

Akanipa dawa ya kupaka, akafunga jicho.

Wakuu, uchungu ulirudi na riba. Ni kama mchanga uliochanganywa na pilipili.

Siku ya pili Odhiambo akaja kunitazama, na mkate na kichupa kingine.

"Chukua, bwana. Unateseka bure."

Mkono wangu ulienda. Nilikishika, nikafungua kifuniko. Halafu nikamrudishia.

"Rudi nacho, fundi. Ukikiacha hapa nitakitumia."

Akakirudisha mfukoni. "Hata langu la kulia siku hizi linaona kama kuna moshi," akasema.

"Basi twende wote kwa sista."

Tukaenda. Lake lilikuwa na kovu la miaka mingi, halikurudi lote. Langu sista alilifungua wiki iliyofuata, akafunika lile zima kwa kiganja.

"Unaona nini?"

"Saa yako, sista. Imesimama saa nne na dakika kumi."

Akatazama mkono wake; kweli saa ilikuwa imekufa. Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Hadi leo taa za magari naziona zikiwa na miale, kovu dogo limebaki. Lakini kwa jicho hilo nimezunguka ziwa lote, Mwanza hadi Jinja.

Nilichojifunza: jicho kutouma si dalili kwamba limepona. Lipimwe, na uchungu uvumilie kwa dawa uliyoandikiwa wewe.

Waliofanyiwa laser, na walioumia jicho kazini, semeni: lilipona baada ya siku ngapi, na mliwekewa nini? Nasoma zote.