Siku Niliyomkabidhi Baba Mkwe Koloni

Haya, mmenibana mpaka nimekubali kusema, ila mkicheka mcheke kwa staha, maana hata leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Beechmont naangalia upande mwingine.

Jumamosi hiyo baba yake Esperance, mchumba wangu, alikuwa anatoka Buffalo kuja kuniona kwa mara ya kwanza, kabla familia hazijaanza mazungumzo ya posa, na alikuwa ameshatuma neno kwamba binti yake anaweza kuolewa na yeyote anayemcha Mungu, isipokuwa mwanajeshi (mzee huyu alikimbia milima yetu ya Kivu Kusini mara tatu, na kila mara waliomfukuza walikuwa na magwanda). Mimi ni mpakiaji tu kwenye ghala huko Shively, sijawahi kushika hata manati, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Sasa mchana huohuo vijana wa kanisa letu walikuwa na igizo kwenye ukumbi huo, na rafiki yangu Innocent, aliyelitunga, akaniomba niwe kanali anayerudisha koloni kwa gavana wa kiraia baada ya jeshi kulitawala wakati wa vita.

"Dakika makumi mbili tu," akaniambia. "Wakwe zako bado wako Columbus, donc usiogope."

Ni kweli, walikuwa wamelala hukohuko Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa shangazi yake Esperance na walisema watafika saa kumi. Nikakubali. Shati langu jeupe nikaliacha kwenye gari lisijikunje, nikavaa koti la kijeshi la vifungo vya shaba juu ya fulana ya kulalia, ile yenye tundu kwapani, nani angeiona?

Igizo lilikwenda vizuri. Nilikaa kwenye kiti kikubwa, kofia kichwani, nimeshika kwa mikono miwili ufunguo wa koloni tulioukata kwenye boksi la kazini na kuupaka rangi ya dhahabu. Innocent, ndani ya suti ya gavana, alikuwa amemaliza hotuba na kunyoosha mikono apokee. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, nikamwona Esperance, na pembeni yake mzee mwenye fimbo. Wamewahi kwa saa mbili nzima, wakaambiwa niko ukumbini!

Sasa niambieni, baba mkwe akiingia, wewe utabaki umekaa na kofia kichwani? Mwili ulisimama wenyewe. Nikavua kofia, nikashuka jukwaani, nikampita Innocent ("Eh, na mimi?" nikamsikia), nikatembea ukumbi mzima hadi kwa mzee, nikainama kumsalimia kwa mikono miwili, na ufunguo umo mikononi. Naye, mtu wa kwetu, akipewa kitu kwa mikono miwili hawezi kukataa. Akaupokea. Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo igizo lilivyoandikwa.

Makofi yalipokwisha ndipo nikaona macho yake yako kwenye vifungo vyangu.

"Uyu njo ule kijana?" akamuuliza binti yake, kama kweli ndiye mimi. "Uliniambia anatumikaka ku warehouse."

"Ni mchezo, Papa," Esperance akasema harakaharaka. "Alikuwa anarudisha serikali kwa raia."

Mzee akautazama ufunguo, kisha akamtazama Innocent aliyesimama jukwaani mikono mitupu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini zaidi ya aibu niliona uchungu, kwa sababu nilijua yaliyompata na bado nikavaa.

"Bon," akasema. "Kama serikali iko ku mikono yangu, amri ya kwanza: vula iyo koti."

Nikavua mbele ya ukumbi mzima. Tundu la kwapani likajitokeza, watoto wakaanza "Oh my God!" zao, mama mmoja wa kwaya akafunika uso kwa kitenge. Mzee hakucheka.

"Toka nizaliwe," akasema taratibu, "siyaona hata siku moja mwanajeshi anarudisha utawala na mikono mbili. Leo nimeona."

Akaketi, akafuta macho kwa leso, akanionyesha kiti cha pembeni yake. Nikakaa hapo na fulana yangu, sikuthubutu kwenda garini.

Posa ilipokelewa, Mungu ni mwema. Lakini nimeapa sitavaa tena gwanda mbele ya mtu aliyewahi kulikimbia, hata liwe la mchezo, na Innocent akija na igizo lingine nitamwambia anipe kazi ya kufungua pazia.