Mwewe wa Kreta na Paja Langu la Kuku

Mwenzenu nimeaibika, na aliyeniumbua ni ndege.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Msimu huu wageni ni wachache, kwa hiyo nyumbani nikatangaza kubana matumizi: hakuna nyama mpaka Krismasi, jioni ugali na mchicha. Mimi mwenyewe nilikula matonge mawili tu, kisha nikawasogezea watoto sahani.

"Kuleni, wanangu. Baba nitavumilia."

Mke wangu, Mama Neema, alinisifu hadi kanisani. Hakujua kwamba mchana, kule kreta, bondeni ninakowapeleka wageni kuona wanyama, nilikuwa namaliza kila lanchi boksi ya chakula iliyoachwa nao.

Juzi nikashuka garini na paja la kuku mkononi, jambo ninalowakataza wageni kila siku kwa sababu ya mwewe. Sijang'ata hata mara moja, mwewe akashuka, akanizaba bawa la uso, akaondoka na paja, akaniachia mkwaruzo shavuni.

Nyumbani nikasema nimechomwa na miiba nikibadilisha tairi. Mama Neema akanikanda taratibu kwa maji ya chumvi.

"Pole, Baba Neema. Tairi la mbele au la nyuma?"

"La nyuma."

"Na lilikuwa na mabawa?"

Akanipa simu yake. Dereva mwenzangu alikuwa ameniweka kwenye stetasi, nikimkimbiza mwewe huku nimeshika kofia, namlilia paja langu.

Neema, mwenye miaka sita, akanisogezea sahani yake ya mchicha.

"Kula, baba. Sisi tutavumilia."