Betri Iliyolala Nyumbani

Mume wangu Khemais hajui kujitetea. Nimeishi naye tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mpaka leo akikanyagwa mguu sokoni, yeye ndiye anayeomba radhi. Mimi si hivyo, na hapa Kraten, kijiji chetu cha kisiwani, kila mtu anajua kwamba mimi si hivyo. Ndiyo maana yaliyotupata yaliniuma mara mbili: mara moja kwa kutokea, na mara ya pili kwa kukatazwa kuyasema.

Kazi yake ni umeme wa maboti. Hulala kifudifudi ndani ya boti, waya katikati ya meno, akifunga taa na pampu za kutolea maji. Wavuvi walipoanza kubeba redio za mkononi, za kuitana baharini, akaanza kuwafungia na chaja zake. Anavuta waya kutoka kwenye betri ya boti, anaupitisha kwenye fyuzi, anaufikisha kwenye kitako kidogo cha plastiki kando ya usukani. Redio inakaa pale. Taa nyekundu maana yake inakula, kijani imeshiba. Kazi zake ni safi, hata wasiompenda wanakubali.

Dada yake anaitwa Mahbuba, na mume wa Mahbuba alikuwa Tijani, mtu wa vichekesho. Tijani alirithi kwa baba yake uzio wa makuti ya mitende, ule tunaousimamisha baharini samaki waingie wenyewe mpaka kwenye dema. Hapakuwa mbali, na alikwenda kila asubuhi kwa boti yake yenye injini ya kuwashwa kwa mkono. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mitende, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika bado. Lakini walikuwa na televisheni. Kila jioni Tijani alifungua betri ya boti, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka nyumbani. Si yeye peke yake. Wanaume wengi wa upande ule walifanya hivyo, wengine kwa kuogopa wezi, wengine kwa sababu ya wake zao.

Siku moja Tijani alikuja kwetu na mimi nilikuwa nakaanga brik, sambusa zetu za yai. Khemais akamuuliza, "Shemeji, hii betri yako inalala wapi?"

"Inalala na dada yako. Mimi ndiye ninayelala mlangoni."

"Acha mzaha. Televisheni inaikausha usiku kucha, asubuhi unairudisha botini ikiwa haina kitu. Redio itakula nini?"

"Injini ikiwaka si inaijaza?"

"Kutoka gatini mpaka uzioni kwako ni mwendo wa sigara mbili. Betri haijapata kitu, redio haijapata kitu, wewe umeshazima. Na kwa kuwa unawasha kwa mkono, huoni hata kwamba betri imechoka."

Tijani akachukua brik moja ya moto, akairusharusha mikononi. "Sasa unataka Mahbuba akose tamthilia yake? Wewe ni kaka yake, huna cha kupoteza. Mimi nitapikiwa chumvi tupu." Tukacheka wote watatu. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wao.

Majira ya baridi yale upepo uligeuka ghafla saa za mchana. Maboti yaliyokuwa karibu na Tijani yalirudi, wenyewe wakidhani naye amesharudi. Redio zao zilikuwa zimewashwa. Hakuna aliyesikia kitu. Kesho yake walimkuta amekufa ufukweni, boti yake imesukumwa mchangani karibu naye, na redio yake ikiwa shingoni, ndani ya mfuko wake wa nailoni, kavu kabisa. Khemais aliipeleka karakana yake, ubavuni mwa nyumba yetu, akaiweka kwenye chaja ya ukutani. Ikala, ikashiba, ikaongea vizuri na watu wa gatini. Kwa hiyo mji mzima ukajua kwamba redio ilikuwa nzima, isipokuwa haikuwa na chaji. Na mji mzima ulijua nani aliyefunga chaja.

Matangani, watu wamejaa ndani na nje, Mahbuba akasimama. Sauti yake ilifika barabarani.

"Khemais! Mume wangu ameita na hakuna aliyemsikia. Waya zako ndizo zilizomuua. Toka nyumbani kwangu, na mkono wako usiguse tena boti ya watu wangu!"

Nilimwangalia mume wangu nikingoja aseme. Akasema, "Mungu amrehemu." Akatoka, na kofia yake nyekundu akaiacha pale pale kwenye mkeka.

Nyumbani nilimpigia kelele mpaka majirani wakafunga madirisha. "Kwa nini hukusema? Una ulimi wa nini?"

"Niseme nini? Kwamba mumewe amekufa kwa ajili ya televisheni yake?"

"Ndiyo! Si ndiyo kweli?"

"Ni kweli. Halafu? Atabaki na mtoto katika chumba kile kile, anaitazama. Mimi nina mabega, bibi we. Acha nibebe."

"Na mimi je? Na mimi nibebe?"

Alinishika mkono akaniapisha kwa vichwa vya watoto wetu kwamba Mahbuba hatalisikia kutoka kwangu. Nikaapa huku nikilia kwa hasira, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Tukaishi hivyo. Wateja wakapungua, wengine wakawa wanamleta fundi kutoka mji wa Sfax, ng'ambo ya bahari, kwa kivuko, mtu wa miwani myeusi anayefanya kazi amesimama. Sikukuu zilikuja na kwenda bila sahani ya vitamu kutoka kwa wifi yangu. Tukikutana njiani aliwaangalia mbuzi. Khemais akipewa pweza na mteja, alimpelekea dada yake kwa mkono wa mtu mwingine, na akasisitiza asitajwe. Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia hivyo mara nyingi, na sikuona haya. Nguzo za umeme zikafika ng'ambo ya mitende. Fethi, mtoto wa Mahbuba, akaota ndevu, akachukua boti na uzio wa baba yake.

Ramadhani iliyopita dhoruba iliangusha nguzo, na upande ule wote ukabaki gizani. Alasiri moja Fethi akaingia karakana, akaangalia nyuma yake kama aliyeiba.

"Mjomba, nisamehe kuja. Mama asijue."

"Kaa, mwanangu."

"Chaja ya redio inanichezea. Taa nyekundu inawaka, inafifia, inazima. Fundi wa Sfax anasema redio ndiyo mbovu, ninunue nyingine."

Nilikuwa mlangoni na unga mikononi. Khemais aliinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ile ile niliyoisikia jikoni kwangu zamani, "Betri inalala wapi?"

"Nyumbani. Tangu umeme ukatike naipeleka jioni, nairudisha asubuhi. Mama hataki kukosa tamthilia ya mwezi mtukufu. Anasema hata baba alikuwa akimfanyia hivyo."

Khemais akaweka plaizi chini.

"Kesho huendi baharini."

"Mjomba, huu ni msimu wa pweza, na upepo..."

"Nimekwambia huendi! Mpaka nimalize jambo."

Sijawahi kumsikia akimpigia mtu kelele. Fethi naye hakuwahi, aliondoka amenywea. Nikamfuata mume wangu mpaka kwenye rafu. "Haya sasa," nikamwambia. "Ulimwambia baba peke yake, akafa. Mama asipoambiwa, mtoto naye afe?"

"Nitampa Mahbuba betri nyingine ya nyumbani. Ya boti ibaki botini. Hakuna haja ya maneno."

"Atakufukuza."

"Anifukuze. Betri tu aichukue."

Baada ya futari, watu wakiwa wamejaa barabarani, tulisukuma toroli mpaka kwa Mahbuba. Nilitangulia kubisha hodi, yeye akanifuata. Mahbuba alikuwa ameketi kwenye mkeka na Fethi kando yake, televisheni ikiwaka, na chini yake betri ya boti ikiwa imebanwa vibanio viwili. Hakuinuka.

"Nani amekuambia uingie?"

"Nimekuletea betri," Khemais akasema.

"Sikukuomba."

"Ni ya televisheni yako. Ile ya Fethi irudi botini, isitoke tena."

"Kwa nini?"

Mume wangu hajui kudanganya hata mtoto mdogo. Aliangalia miguu yake. "Redio inaihitaji."

"Redio inajazwa injini ikiwaka. Unanifundisha mimi? Tijani miaka yote alikuwa hivi hivi, jioni analeta, asubuhi anarudisha, na hakuna siku..."

Kwenye televisheni mwanamke mwenye wanja mwingi alikuwa analia mlangoni kwa mtu. Mahbuba aliiangalia betri. Akaangalia vibanio, akafuata waya kwa macho mpaka ukutani, akarudi nayo mpaka kwenye betri.

"Khemais."

Hakuwa amelitaja jina hilo tangu matangani.

"Tijani alijua?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Khemais akageuza macho mlangoni. Mimi nilikuwa nimeapa, nikauma mdomo wa chini.

"Nimekuuliza, kaka. Akasemaje?"

"Alisema hataki ukose tamthilia yako."

Mahbuba aliinama akatoa kibanio kimoja. Picha ikafa, chumba kikabaki na mshumaa tu. Akatoa cha pili, taratibu, akakishika mkononi.

"Na wewe ukaniacha. Nikakutukana mbele ya watu, nikakufukuza, ukaniacha."

"Bahari ndiyo iliyomchukua, dada. Si wewe."

"Usinibembeleze. Bado." Aliinua betri kwa mikono miwili, mwanamke wa umri wake, akaibeba mpaka kwenye toroli. Fethi akakimbilia kumsaidia. "Usiiguse!" akamwambia. Betri yetu tuliyoileta akaishusha chini, ya kwake akaipakia, akaanza kusukuma.

Tulimfuata. Mbele ya mkahawa wanaume walikuwa wanacheza karata, na mmoja akamwita kwa utani, "Mahbuba, unahama bila kuaga?"

Akasimamisha toroli. Sauti ilikuwa ile ile ya matangani.

"Siku tulipomzika Tijani nilisema mbele yenu kwamba waya za kaka yangu zilimuua mume wangu. Waya zilikuwa nzima. Betri ilikuwa kwangu, mimi naangalia televisheni. Aliyesikia lile, na hili alisikie."

Hakuna aliyeshusha karata. Yule wa utani akavua kofia. Mimi nilikuwa nimengoja miaka mtu aseme maneno hayo, nikidhani siku hiyo nitapiga vigelegele. Nilimwangalia wifi yangu mgongo ulivyopinda juu ya toroli ile, nikamfuata bila kigelegele.

Gatini, Khemais aliingia kwenye boti ya Tijani kwa mara ya kwanza tangu kifo chake. Alishika mbao kwanza, kabla ya kushika waya. Kisha akalala kifudifudi kama kawaida yake, akaikaza betri kwa skrubu na kipande cha chuma, isiweze kutoka bila spana. Fethi akaweka redio kwenye kitako. Taa nyekundu ikawaka hafifu.

"Itajaa lini?" Mahbuba akauliza.

"Itachukua muda. Betri yenyewe ina njaa. Mpaka injini iungurume kwanza."

"Basi iwasheni."

Fethi akazungusha mkono wa injini, ikakohoa, ikashika. Ile taa ikapata nguvu. Mahbuba akageuza kreti la samaki, akaketi juu yake kando ya usukani, akajifunika shuka lake jeupe mpaka kidevuni. Baridi ilikuwa inapanda kutoka majini.

"Wifi," nikamwambia, "twende nyumbani. Khemais atakaa nayo."

Hakuondoa macho kwenye taa.

"Nenda, wifi. Jioni zote zile Tijani aliniletea betri, nikakaa nayo. Acha na leo nikae nayo."