Karkade Kwenye Chupa ya Mkojo

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Oli, Arua, mtu mzima mwenye ndevu, niliwahi kumpelekea daktari kinywaji nikamwambia ni mkojo. Na wala sikuwa nimelewa.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi, sukari imepotea madukani, na mimi nina kifua kikuu. Hapo Arua daktari mmoja wa utafiti alitupa dawa mpya, vidonge vyekundu, badala ya ile sindano ya kila siku iliyotufanya tusiweze kukalia makalio yetu wenyewe. Ajabu yake, ukivimeza unakojoa rangi ya chungwa, jasho la chungwa, hata ukilia unalia chungwa. Kila Jumatatu tulimpa mkojo kwenye chupa, akiona rangi anajua umemeza. "Usiache hata siku moja," alituambia, "ukiacha, wadudu wanaizoea dawa, halafu hakuna kitu kitawaua." Nami naitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Sasa nilikuwa na mchumba Koboko, Zainabu, na kwao hawakujua habari ya kifua changu. Daktari alishasema siambukizi tena, lakini nenda wewe ukamweleze mama mkwe! Nikaitwa nikaonekane, Alhamisi hadi Jumapili, nguo ni kanzu nyeupe niliyoishona kwa mkono wangu, nikaifikiria ile kola inavyogeuka rangi mbele ya wakwe, nikasema siku nne tu, wadudu gani watajua? Vidonge nikaviacha chini ya godoro.

Koboko nilipendeza, niaminini. Mama mkwe, mjane wa sajini (sukari aliipata kwa njia zake, sikuuliza), alipika karkade, yale maua mekundu tunayochemsha sisi Wanubi, akatia mdalasini na sukari bila huruma. Jumapili akapanda lori pamoja nami aje Arua kuwasalimu wazee wangu. Kesho yake nikamdanganya kwamba naenda hospitali kuwapima manesi sare, akasema basi twende wote, ana jirani amelazwa huko, na mimi nimbebee flaski ya karkade ya mgonjwa. Tulipofika akatangulia wodini kumtafuta.

Nikaingia chooni na chupa yangu. Mkojo ukatoka mweupe kabisa. Nikaumwaga, nikaitazama flaski. Jamani, sijui shetani gani alinishika mkono.

Kumbe siku hiyo daktari alikuwa anapima mikojo yote, aone kama dawa inaharibu kitu kingine mwilini. Wangu akauchanganya na maji yake ya buluu ya kupimia sukari, akauchemsha, ukawa rangi ya tofali. Akatoka barazani tulipokaa kwenye benchi, uso umemshuka, anasema huyu ana sukari ambayo hajawahi kuiona kwa mtu anayetembea, na kama dawa ndiyo imemfanya hivi, basi leo hakuna wa kupewa, wote tunarudi kwenye sindano mpaka aandike Kampala na ajibiwe.

"Sukari!" akapiga kelele mzee mmoja wa Pajulu. "Uganda muzima sukari hakuna, huyu anakojoa tu!"

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka sindano, wakaacha. Kando yangu alikaa Mama Asiki, aliyeletwa mwanzo akibebwa kwenye kitanda, sasa anakuja kwa miguu yake. Akanishika mkono. "Mutoto yangu, mimi sitaki sindano tena. Iliziba masikio yangu."

Na mlangoni nani amesimama? Mama mkwe, amefuata flaski yake. Nikisema ukweli, Zainabu basi. Nikinyamaza, huyu mama anazibwa masikio kwa ajili ya kola yangu. Nikasimama.

"Daktari," nikasema, "hiyo si mkojo. Iko karkade. Siku nne sikumeza dawa."

Nesi Drijaru akaichukua chupa, akanusa. "Kweli," akasema. "Hata mdalasini iko."

Wee! Watu walicheka mpaka wakakohoa, wakafuta machozi ya chungwa kwa mikono yao. Daktari peke yake hakucheka. Aliniuliza kama najua kwamba wadudu wangu wakishaizoea dawa wanaweza kumwingia mke wangu, na hapo hatakuwa na la kutufanyia sisi wawili. Akachukua makohozi yangu yapelekwe Kampala kupimwa.

Mama mkwe akapita katikati ya watu polepole, akachukua flaski, akaitikisa.

"Wewe iko na kifua?"

"Ndiyo, mama."

"Bwana yangu alikufa na kifua. Dawa kama hii haikuwa. Wewe unapewa, unaacha sababu ya kanzu?" Akaibana flaski kwapani. "Harusi itangoja Kampala iseme. Na dawa utameza mbele yangu."

Mnajua kwetu hata kutafuna mbele ya mama mkwe ni kukosa adabu. Akabaki kwa dada yake hapo Oli, na kila asubuhi nilikaa mbele yake nikameza, nikaachama, nikainua ulimi, naye anachungulia mpaka kooni, dada yake anamshikia tochi. Wiki nyingi hivyo, mpaka majibu yakaja: wadudu wangu walikuwa hawajajifunza kitu, wajinga kuliko mimi mwenyewe.

Zainabu nilimwoa. Lakini tangu siku ile sijaacha dawa nusu, na sitaacha. Hata ya kichwa nikipewa naimeza mpaka iishe, na nikishameza, kinywa kinaachama chenyewe.