Mistari Kwenye Vidole vya Mkalimani

Dada yangu hasikii. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa hospitali ya Kolandoto kwa wiki nyingi, na aliporudi nyumbani mama alimwita kutoka nyuma, hakugeuka. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilikua nikizungumza naye kwa mikono jinsi wenzangu walivyokua wakizungumza Kisukuma, na mpaka leo nikikasirika mikono hutangulia mdomo.

Siku hizi yeye anauza dagaa Nkome, kando ya ziwa, na mimi ni fundi wa skrini kubwa mjini Geita, zile zinazofungwa kwenye mikutano, harusi na mahafali. Watu huziona kama televisheni moja yenye upana wa ukuta wa nyumba. Si moja. Ni paneli nyingi za mraba zenye vitaa vidogo vidogo usoni, tunazipandisha kwenye fremu ya chuma na kuzifunga moja pembeni ya nyingine. Zikikaa vizuri, huwezi kujua paneli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Zikikaa vibaya, picha inakatwa na mistari: mweusi pale zilipoachana, mweupe unaong'aa pale zilipobanana mno.

Kwa muda mrefu mistari hiyo haikumkera mtu. Bwana harusi alikatwa shingoni, watu wakaendelea kula pilau.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, kanisa moja liliandaa mkutano wa injili kwenye uwanja wa mpira. Kwa mara ya kwanza waliajiri mkalimani wa lugha ya alama, mwalimu wa watoto viziwi kutoka Shinyanga, na picha yake ilipangwa kuonekana upande mmoja wa skrini yetu. Nilipoambiwa hivyo nilimpigia dada simu ya video. Ijumaa alikuja na wenzake, wakakaa pamoja kwenye mabenchi ya kulia. Mkutano ulipokwisha nilimkimbilia.

"Umefurahi?" nilimuuliza kwa mikono.

"Nimechoka macho," alijibu. Alishika kiganja changu, akapitisha ukucha wake katikati ya vidole. "Mstari unapita hapa. Mwingine unapita mdomoni kwake. Akiandika jina la mtu kwa vidole, vidole viwili vinapotea. Amesema mtu amefufuliwa. Mpaka sasa sijui ni nani."

Nilitazama mabenchi. Baadhi ya wenzake walikuwa wameshaondoka kabla ya maombi.

"Kesho siji," alisema. "Nina dagaa juani."

"Njoo Jumapili. Jumapili mistari haitakuwepo."

Nilisema hivyo kabla ya kujua kama ninaweza. Alinitazama jinsi anavyomtazama mteja anayeahidi kurudi baadaye, akapanda gari la Nkome.

Jumamosi asubuhi nilimwendea bosi wangu, mwenye vifaa.

"Shikamoo, bosi. Naomba tuishushe skrini tuipange upya."

"Marahaba. Tuishushe kwa nini, na inawaka? Uwanja mzima umeona, hakuna aliyelalamika."

"Waliolalamika wametumia mikono."

Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo, akasema tuipunguze picha ya mkalimani mpaka itoshee ndani ya paneli moja, basi mistari haitamgusa. Nilifanya hivyo pale pale kwenye kompyuta, kisha nikamwomba yeye na mkalimani waende nami kwenye mabenchi ya kulia. Tulikaa tukatazama picha ya mkalimani iliyorekodiwa jana. Mikono yake ilikuwa midogo kama ya mwanasesere.

"Kwa hapa," mkalimani alisema taratibu, "hata mimi sijielewi."

Bosi alikuna kidevu. "Shusheni. Lakini saa nane iwe imesimama."

Tulikuwa mafundi watatu. Tulipoishusha tuliona jinsi tulivyokuwa tumezoea kuifunga vibaya. Mguu mmoja wa fremu ulikuwa umezama upande wa goli, ambako udongo ni laini, na safu nzima ikalalia huko. Tulikuwa tumetoka Runzewe kwenye harusi, na vumbi jekundu la njiani lilikuwa limegandamana kwenye kingo za paneli kama ukoko wa ugali. Pembe kadhaa zilikuwa zimegongana kwenye lori. Tulisugua kingo kwa brashi, tukapiga tupa pembe zilizovimba, tukaweka mbao chini ya miguu na kunyoosha fremu kwa uzi na pima maji. Pale paneli zilipoachana, nilichomeka vipande vyembamba vya plastiki nyuma yake mpaka zikawa sawa. Niliwasha rangi nyeupe tupu skrini nzima. Ilikuwa safi kama shuka lililotoka kufuliwa. Tulipeana mikono.

Alasiri, mahubiri yakiendelea, jua lilielekea magharibi na kuipiga skrini usoni. Mistari ikaanza kurudi. Ilikuja myembamba, inayong'aa, ikapita kwenye vifundo vya vidole vya mkalimani. Nilijua kosa langu mara moja. Nilikuwa nimezibana paneli asubuhi zikiwa za baridi, na sasa joto lilikuwa limezitanua zikasukumana. Niliketi kwenye sanduku la nyaya nikaitazama mpaka wimbo wa mwisho, nikihesabu maungio yatakayohitaji kufunguliwa.

Jumapili wenzangu walitaka tuanze mapema kukiwa na ubaridi. Nilikataa. Niliiwasha skrini kwa mwanga wa juu kabisa na kuiacha juani mpaka ukiigusa unaondoa mkono. Ndipo tukalegeza vifungo, tukiwa tumevaa glavu, na kuacha nafasi ndogo iliyo sawa kila upande. Paneli moja haikukubali kwa namna yoyote, pembe yake ilikuwa imepinda. Tuliihamishia chini kabisa, mbali na picha ya mkalimani.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kompyuta. Vitaa vilivyo kando ya kila ungio huweza kuongezwa au kupunguzwa mwanga. Penye mstari mweupe nilipunguza, penye mweusi niliongeza, ungio baada ya ungio. Mkalimani alisimama mbele ya kamera akiandika majina kwa vidole, na mimi nikawa nakimbia kutoka kwenye kompyuta hadi mabenchi ya kulia na kurudi. Wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi walidhani tunagombana. Mwishowe nilikaa kwenye benchi na kusoma jina zima, herufi kwa herufi. Alikuwa ameandika jina langu.

Dada alifika mkutano ukiwa karibu kuanza, na wenzake wote, hata wale waliokuwa wameondoka Ijumaa. Aliitazama skrini kabla ya kunitazama mimi. Kisha akakaa.

Sikusikiliza mahubiri. Niliyatazama mabenchi ya kulia. Mhubiri alisimulia habari za mama mmoja wa sokoni anayeweka dagaa wakavu juu na wabichi chini, akaigiza mnunuzi anavyochungulia ndani ya ndoo. Uwanja ukacheka, na mabenchi ya kulia yakacheka papo hapo. Maishani mwangu sikuwahi kumwona dada akicheka pamoja na umati. Siku zote hucheka baadaye, nikishamweleza, wengine wakiwa wameshanyamaza. Niliinama nyuma ya fremu nikajifanya nakagua nyaya.

Watu walipotawanyika alinifuata.

"Kichekesho kizuri," alisema, "lakini ametuonea. Amewahi kununua dagaa Nkome huyu?"

"Alikuwa anatania."

"Nimeona alikuwa anatania. Bado amekosea. Mkalimani yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Alikwenda akamshika mkono, wakaenda wote mpaka jukwaani alikokuwa mhubiri akikunja nyaya za kipaza sauti. Dada aliinamisha kichwa kumwamkia, kisha mikono yake ikaanza kwenda haraka, na mkalimani akawa anaitolea sauti. Mhubiri aliweka kipaza sauti chini ili asikilize. Alisikiliza, akajibu, naye dada akamjibu tena.

Wenzangu waliniita tuanze kushusha paneli. Niliwaambia wasubiri, wale bado wanaongea.