Kwenda Kutoa Chelangat kwa Kijerumani

Hapana, hajaolewa na Mjerumani. Na mimi sikuenda kutembea, nilitumwa. Ketini hapo, wacheni kuniangalia hivyo, nitawaambia safari yote.

Ni Kiprono, kijana yangu, alinituma. Mnajua vile anaongea, kifua mbele kama jogoo ya kanisa: "Mama! Wewe ndio Chelangat anasikia. Enda Kericho umtoe kwa hiyo chuo. Ati mtoto yangu anasomea kuwa mwalimu wa Kijerumani! Nesi anadunga watu sindano, hiyo kazi tunaiona. Sasa yeye na Kijerumani yake atadunga nani?"

Mimi sikuenda shule hata siku moja, nikaona yeye aliyesoma ndio anajua. Chelangat ni mjukuu yangu, nimemlea na hii mikono. Nikasema sawa, nitamleta.

Asubuhi mapema tukatoka Kimulot na gari ya maziwa, mimi mbele na dereva, kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kulala, kwa magoti. Ukungu ilikuwa imelala kwa majani chai, wachumaji unaona vichwa tu, kama kabichi. Dereva ni kijana Mkisii, anaongea mbio kama mtu anafukuzwa.

"Mama unaenda wapi?"

"Kutoa mtoto kwa Kijerumani."

"Amefungwa?"

"Anasomea."

"Anasomea nini?"

"Kuongea."

Akabadilisha gia. Tukapita Mogogosiek. Karibu tufike Litein akageuka pole pole: "Pole mama. Kwani alizaliwa bubu?"

Saa nne nikafika Kericho. Chelangat alinipokea kwa geti ya chuo, macho imevimba. Hata salamu ya chamgei hakuniambia vizuri.

"Kogo, hata ungekosa kukuja, ningekuja mwenyewe. Bag nimepaki. Hawa watu wananicheka mbaya! Nikisalimia *kuten*, wanasema ni *guten*. Leo ni siku yangu ya kufundisha, mwalimu amekaa anaangalia. Nikianguka tena, mimi na hii kozi tumeachana."

Shida mnaijua. Sisi Wakipsigis, b na p ni ndugu, d na t wanalala kitanda moja, na g na k hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Nikamhurumia. Lakini Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo pia: kazi ya Kiprono imejifanya yenyewe! Nikamwambia, "Basi fundisha, umalize, twende nyumbani."

Darasani nikawekwa nyuma kabisa. Wanafunzi walikuwa kama ishirini, watu wazima na ndevu zao, wamekaa wanajifanya watoto ya sekondari ndio Chelangat awafundishe. Mwalimu wao ni mzee mwembamba wa miwani, anaongea Kiswahili ya redio: "Karibu sana, mama. Ila tafadhali, usizungumze."

Hiyo ya pili angejiwekea tu.

Chelangat akachora mbwa kwa ubao. Mbwa yenyewe ilikaa kama kondoo mgonjwa. Akaandika jina ya mbwa chini, akageuka, akasema, "*Hunt*."

Wuui! Kicheko! Msichana mmoja wa Nairobi, anaongea na pua: "Maze, hiyo ni *d*! Umeandika *d* mwenyewe! Si useme *hundi*!" Na wote: "*Hundi! Hundi!*"

Chelangat akaangalia ubao, akaangalia mlango. Chaki ikaanguka. Nikajua sasa huyu anatoka, na akitoka leo, harudi.

Mimi kusoma sijui, sikuona *d* wala nini. Nilisikia tu vile mtoto yangu amesema. Nikasimama na kibuyu yangu. "Mwalimu wenu amesema *hunt*! Nyinyi mnajua kumshinda, mbona mnafundishwa? Semeni *hunt*!"

Mzee wa miwani akainuka. Nikasema moyoni, sasa natupwa nje.

"Mama," akasema, "rudia hapo."

"*Hunt*."

Akaandika ingine. "Hii ni siku. *Tag*."

"*Tak*," nikasema.

"Na rangi ya manjano. *Gelb*."

"*Kelp*."

Akacheka mpaka akatoa miwani. "Mwanzo umenikosea, mama, lakini mwisho ni sawa kabisa! Niliwaambia hawa mwezi uliopita: *d* ikikaa mwisho, Mjerumani anaisema *t*. *B* inakuwa *p*, *g* inakuwa *k*. Hakuna aliyesikia, ila huyu Chelangat. Wewe ulisomea Berlin?"

"Nilisomea Kimulot. Kwa majani chai."

Kumbe Mjerumani anaanza neno kama mzungu, anamaliza kama Mkipsigis! Chelangat akaokota chaki. Akawafundisha hao watu saa nzima, *tak, gelp, hunt*, na yule wa Nairobi alisimamishwa arudie mpaka jasho ikatoka. Mwisho mzee wa miwani akamwambia, "Mwanzo wa neno tutarekebisha. Wewe utafundisha."

Tulikunywa mursik kwa chumba yake, bag ikafunguliwa, nguo zikarudi kwa msumari. Nilijifunza kwamba ulimi ya mtu haina makosa, imekosa tu mahali pa kukaa.

Jioni nikarudi Kimulot peke yangu. Kiprono alikuwa kwa boma, anaangalia nyuma yangu kama mtu amepoteza ndama.

"Mama, mtoto iko wapi?"

"Nimemuacha. Anajua."

Heee! Kifua ikatoka! "Anajua nini? Mtu husomea kitu ya kusaidia nyumba! Kijerumani itasaidia hii boma na nini? Kesho naenda mwenyewe namtoa!"

Bibi yake, mama ya Chelangat, alikuwa hapo chini ya ng'ombe anakamua. Giza imeingia, tochi ameishika na meno. Huyo mama mnamjua, haongei. Akaachilia titi ya ng'ombe, akatoa tochi mdomoni, akammulika bwana yake usoni.

"Baba Chelangat, wewe ulisomea stima miaka mbili, na mimi nakamua na tochi."